Mstari Juu ya Bluu

Kwenye kioo cha kile kifaa, mdogo wangu anavuka bwawa kwa miguu. Anatoka ukingo wa kushoto, anatangatanga, anafika katikati ya rangi ya bluu penye alama ya daraja, anazunguka hapo muda mrefu, kisha anaendelea polepole mpaka ng'ambo. Nukta baada ya nukta. Mama aliutazama mstari huo kwa miaka mitatu, na mimi niliutazama pamoja naye, kwa sababu ukiishi nyumba moja na mtu anayesubiri, na wewe utasubiri tu, utake usitake.

Kilikuwa kifaa cha GPS cha mkononi, kile kinachochora njia anayopita aliyekibeba, chenye gamba la mpira la rangi ya machungwa, kikubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Kilikuja kwa posta kutoka nje pamoja na nguo zake, viatu na bisibisi zake. Mdogo wangu alikuwa fundi wa lifti. Kampuni ya huko ilimchukua kwa mkataba, akawa anashinda ndani ya mashimo ya maghorofa akipaka grisi kamba za chuma, na siku za mapumziko anatoka nje kwa pupa kwenda kusaka vikopo.

Ni mchezo wa watu wazima, msicheke. Mtu anaficha kikopo porini, au chini ya daraja, au nyuma ya tofali lililolegea, kisha anaandika mtandaoni namba za mahali pale. Wageni wasiomjua wanafunga safari na simu zao au GPS zao kukitafuta. Wakikipata wanaandika majina yao kwenye karatasi iliyomo ndani, wanakirudisha kilivyokuwa, wanaondoka zao. Basi. Hakuna zawadi, hakuna kombe. Niliposikia mara ya kwanza nilimwambia kwenye simu, "Yaani umepanda ndege kwenda kutafuta makopo? Huku si yamejaa jalalani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Dada," akaniambia, "kikopo ni kisingizio tu. Ukikitafuta unapita mahali ambapo usingepita maisha yako yote."

Nyumbani tulimwita Kobe. Ukimtuma chumvi dukani, atarudi mmeshakula na vyombo vimeoshwa. Hakuwa mvivu, ila macho yake hayakuwa na shibe. Akiona mtu anaziba pancha, lazima asimame aone kiraka kinavyoshika. Akiona ukuta umepasuka, lazima auzunguke ajue ufa umeishia wapi. Nilichapwa mara nyingi kwa sababu yake, maana nilikuwa natumwa kumfuata, na nikimkuta, nami nasimama kuangalia anachokiangalia.

Siku aliyopotea alitoka peke yake. Baiskeli yake ilikutwa imefungwa kwenye mti ukingoni mwa bwawa. Jina lake lilikutwa ndani ya kikopo kilichofichwa kwenye daraja la zamani, hivyo darajani alifika. Simu yake ilizimika siku hiyo hiyo, haikuwaka tena. Baadaye sana, mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ng'ambo ya bwawa alikiokota kile kifaa katikati ya mawe. Mwili haukuonekana. Polisi wa huko walituandikia barua fupi yenye adabu: inaaminika amezama, poleni, faili limefungwa.

Betri za kifaa zilikuwa zimekufa. Nadhani hakuna aliyehangaika kutia nyingine. Mimi nilizichomoa za saa ya ukutani, nikazitia, nikabonyeza. Kioo kikawaka, na mstari ukatokea, kuanzia kwenye ule mti wa baiskeli hadi kwenye yale mawe.

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani, akainama, akatazama. "Amevuka," alisema.

Tangu siku hiyo saa yetu ya ukutani haikutembea tena, maana betri zake zilihamia kwenye kifaa. Mjomba alikuja na wazee wawili wa familia kuzungumza. Alianza kwa kuuliza hali ya goti la Mama, akasifu chai, halafu akasogeza kiti.

"Dada yangu, tuweke msiba. Tulie, tumalize."

"Msiba wa nani?"

"Unajua wa nani."

Mama alimwekea kifaa mapajani. "Mtu aliyezama haachi mstari. Na tazama mwendo. Huo si mwendo wa Kobe?"

Mjomba alitazama mstari, akatazama dari, akamaliza chai yake. Ule mwendo kweli ulikuwa wa taratibu mno. Polisi walisema kifaa kinaelea, kwamba kimetengenezwa hivyo makusudi, na upepo ndio uliokipeleka. Lakini kila aliyemjua mdogo wangu aliona pale miguu yake.

Ramani iliyokuwamo ndani ilikuwa ya bure, ile inayochorwa na watu wa kujitolea. Huyu anachora kichochoro cha kwao, yule anaongeza kisima au kituo cha basi. Aliyechora bwawa alilichora limejaa. Nilifungua ukurasa wa kile kikopo mtandaoni, nikasoma maneno ya watu waliokwenda wiki ile ile: kiangazi kilikuwa kimelikausha bwawa upande mmoja, nao walitembea hadi darajani bila kulowanisha viatu. Kwa hiyo nusu ya ile bluu ilikuwa nchi kavu. Na nusu ya pili? Hakuna aliyeandika neno, kwa kuwa kikopo kilikuwa darajani na hakuna aliyekuwa na shughuli ya kwenda mbele yake.

Tukanasa hapo. Labda kulikuwa na maji, labda hapakuwa na maji. Na kama hapakuwa na maji, basi alivuka, akaacha kifaa kwenye mawe, akaenda zake, na yuko mahali anaishi, anakula, analala, na hataki kutupigia simu. Hilo ndilo Mama alilolichagua. Alichagua mtoto aliyemkimbia kuliko mtoto aliyekufa, na bei yake alikuwa akiilipa kila siku. Nilimsikia jikoni akijisemesha. "Nilimkosea nini? Au ni siku ile niliyomwambia arudi aoe? Au ni yale maneno tuliyorushiana juu ya kiwanja?" Aliyapekua maisha yake yote akitafuta kosa. Alikonda. Wakati mwingine alinigeukia mimi: "Wewe ulimwambia nini mara ya mwisho?" Mara ya mwisho nilikuwa nimemrudia Kobe ule mzaha wa makopo na jalala, nami nikaanza kujiuliza kama mtu anaweza kuikimbia familia yake kwa sababu ya mzaha.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimkasirikia Kobe kwa kuvuka, kisha nikajikasirikia kwa kuamini kwamba amevuka. Mimi ni fundi wa kukata. Kwenye karakana yetu ya sare, wengine wanashona, mimi nachora kwa chaki na kupitisha mkasi, na mkono wangu unajua mstari uliochorwa na mtu anayeangalia na uliochorwa na mtu aliyelala. Nikiutazama ule wa mdogo wangu kulikuwa na kitu hakinikalii vizuri, ila sikuweza kukitaja.

Mwaka wa tatu, mwenye kile kikopo aliandika tangazo kwenye ukurasa wake: ukame umekuwa mkali kuliko wakati wowote anaoukumbuka, bwawa limekauka lote, na kijiji kilichofunikwa na maji lilipojengwa kimetoka nje. Nikamwandikia. Nikamweleza mimi ni dada wa nani. Alichukua muda kujibu, na jibu lake lilikuwa fupi: "Njoo. Mimi ndiye niliyekificha kile kikopo. Nitatembea nawe."

Mama aliuza kile kiwanja kilicholeta maneno, nikapata nauli. Kwenye uwanja wa ndege hakunikumbatia. Alinipa kifaa kimefungwa kwenye kitambaa, akaniambia, "Pita alipopita. Usikate kona."

Mwenye kikopo alikuwa mama aliyepita makamo, dereva wa basi aliyestaafu, mabega mapana, kofia ya kitambaa. Tulizungumza kwa lugha ya kuazima, mimi niliyoipata shuleni na yeye kwenye televisheni, na penye pengo tulitumia mikono. Alinipangia chumba juu ya duka la dobi, chenye dirisha moja na harufu ya pasi, akanifundisha pale pale mezani. Ramani ya bure tuliipakua kwenye simu yangu ili isihitaji bando huko porini. Simu ituonyeshe tulipo, kifaa kituonyeshe alipopita. Akaniambia kifaa hukosea, wakati mwingine kwa hatua chache, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo nisikichukulie kama neno la mwisho. Akaniambia pia kwamba ukisimama, mshale wake unachanganyikiwa, unazunguka ovyo. "Hakijui unaelekea wapi mpaka utembee," alisema.

Halafu akasema, huku akikunja ramani ya karatasi ambayo hatukuihitaji, "Mwaka ule nilikuwa nimelazwa. Sikuona maji yalifika wapi. Ningeona ningekwambia."

Nilimwamini. Alikuwa na macho ya mtu ambaye naye ameuangalia mstari usiku na mchana, ingawa hakuwahi kuuona.

Tulianzia kwenye mti. Bwawa lilikuwa bakuli kubwa la tope lililopasukapasuka, jeupe juu, na visiki vyeusi vimesimama humo. Nilishika kifaa mkononi, nikaikanyaga nukta yake ya kwanza. Tukaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa majonzi. Sikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mstari ulikwenda mbele kidogo, ukakata kushoto bila sababu yoyote; nikaufuata, nikakuta jiko la chuma la zamani limezama nusu kwenye tope, mlango wake wazi. Nukta zilikuwa zimelizunguka lote. Alikuwa amelizunguka kama mteja anayetaka kupunguziwa. Mbele zaidi mstari ukarudi nyuma, na hapo palikuwa na kisiki chenye mizizi iliyobaki hewani, unaweza kupita chini yake ukiinama. Alikuwa amepita chini yake. Nami nikainama, nikapita.

"Ndiye?" aliuliza Dereva.

"Ndiye," nikasema, "huyu ndiye kabisa." Nilikuwa natabasamu huku pua inanichuruzika. Kwa muda ule wote, kutoka mtini hadi darajani, nilikuwa naye. Nilimsikia anavyoburuza kisigino. Nusura nimgombeze aharakishe.

Daraja lilikuwa la mawe, dogo, ukuta wake wa upande mmoja umebomoka. Hapo nukta zilijazana zikawa fundo, maana alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Dereva alitia mkono nyuma ya jiwe, akatoa kikopo, akanionyesha, akakirudisha. Tukavuka daraja. Nilikuwa na matumaini, nasema kweli. Mbele yetu ardhi ilikuwa kavu hadi ng'ambo, na kama leo inapitika, kwa nini siku ile isipitike?

Kijiji kilikuwa bondeni, upande wa pili wa daraja. Mapaa hayakuwapo, lakini kuta zilikuwa zimesimama, nyingine zinanifika begani, nyingine zinanipita kichwa, zimevaa tope mpaka juu. Palikuwa na ngazi zinazopanda bila kufika popote. Palikuwa na chumba kirefu chenye ubao mweusi bado ukutani, na msumari ambao labda ulikuwa wa kutundikia ramani. Palikuwa na kisima kilichofunikwa kwa bamba, na kando yake kiti cha chuma kimekaa sawasawa kama kuna mtu ameinuka sasa hivi. Mahali pa kutisha, na pa kupendeza kuliko pote nilipowahi kukanyaga.

Mstari uligonga ukuta wa kwanza. Nikauzunguka, nikajisemea kifaa kimekosea, nilishaonywa. Uligonga wa pili. Nikarudi nyuma, nikajaribu kusogeza mambo kichwani: tuseme kimekosea kuelekea kushoto, basi angepita mlangoni. Hapakuwa na mlango upande huo. Tuseme kulia, kulia kulikuwa na ukuta mrefu wa ile shule, na mstari uliukata katikati, ukaingia darasani, ukatokea nyuma ya ubao, ukaenda. Haukupinda hata kidogo. Nilisogea huku na huku nikiufuata, kifaa mbele yangu, na kila niliposogea nilikuta ukuta mwingine umekatwa vile vile. Dereva aliacha kunifuata. Alisimama akivua kofia, akatazama alama ya tope juu ya kuta, juu kuliko vichwa vyetu.

Lakini si kuta zilizoniambia. Kuta ningeweza kubishana nazo. Nimebishana na mambo magumu zaidi. Nilirudi kwenye kile kiti cha chuma, nikasimama karibu nacho, nikatazama kioo. Nukta zilikuwa zimepita hapo hapo. Zilipita kando ya kiti, zikapita juu ya kisima, zikapita shule nzima, ngazi zote, vyumba vyote, kijiji kizima cha ajabu ambacho macho ya binadamu hayajakiona tangu maji yaje, na hazikusimama hata mahali pamoja. Hazikurudi nyuma. Hazikuzunguka kitu chochote. Mdogo wangu aliyepoteza nusu siku kwa ajili ya jiko bovu asingepita hapa bila kusimama. Ungemvuta kwa kamba, angesimama. Mkono wangu ulikuwa umelijua hilo siku zote: nusu ya kwanza ilichorwa na mtu anayeangalia, na hii ya pili ilichorwa na kitu kinachosukumwa na upepo.

Nilikaa chini kwenye tope. Dereva alikuja akakaa pia, na magoti yake yakalia. Hatukuwa na haraka yoyote. Sikumaliza kuufuata mstari hadi kwenye mawe. Uliobaki haukuwa wake.

Tulirudi darajani kwa sababu ndipo simu iliposhika mtandao, kutoka mnara ulio kilimani. Mama alipokea kabla haijaita vizuri.

"Umefika ng'ambo?"

"Sijafika, Mama. Nimerudi darajani."

"Mbona umerudi?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanikimbia. "Mstari ni wake mpaka hapa," nikasema. "Kutoka hapa si wake."

Nilisikia jogoo wa jirani, na sufuria ikichemka mahali.

"Huko ulikoanzia, alisimama njiani?" aliuliza.

"Kila mahali. Kuna jiko la chuma kwenye tope, amelizunguka kama anataka kulinunua."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani kabisa, cha kumcheka mwanawe aliyechelewa na chumvi, nami nikacheka naye, watu wawili wenye akili zao kwenye ncha mbili za simu. Kisha chake kikakatika.

"Na huko mbele?"

"Kuna nyumba, Mama. Kuna shule ina ubao wake. Kuna kiti kando ya kisima."

"Hakusimama?"

"Hakusimama."

Hakuuliza zaidi. Hakuna mtu duniani aliyehitaji maelezo machache kuliko yeye. Nilisikia pumzi yake, ndefu, halafu nyingine, na nikasubiri kilio ambacho mjomba alikuwa amekisubiri kwa miaka mitatu. Hakikuja.

"Kwa hiyo hakunikimbia," alisema.

"Hakukukimbia, Mama."

"Uko mahali penyewe?"

"Nimesimama darajani. Ni hapa."

"Weka simu chini."

"Mama?"

"Iweke chini hapo, mwanangu. Usiikate. Wewe sogea."

Niliiweka juu ya jiwe, upande ule ambao ukuta umebomoka, kioo kikitazama juu. Nikaondoka hadi mwisho wa daraja, na nilipoona bado nasikia sauti bila maneno, nikaenda mbali zaidi, hadi kwenye visiki. Alizungumza muda mrefu. Hadi leo sijamuuliza alisema nini, na kwa miaka yote hii hajawahi kuniambia.

Dereva alinifuata, kofia bado mkononi, akageuka akaitazama simu ile peke yake juu ya jiwe. Akaniuliza kama imeharibika, kama anisaidie kuiangalia.

Nikamwambia hapana, inatumika.